Sanda Niliyoidai Kwala

Mrisho alinipigia simu asubuhi nikiwa nachambua mchele. Akaniamkia, akaniuliza habari za magoti, akaniuliza kama mvua imefika huku kwetu, akaniuliza tena habari za magoti, na hapo nikajua. Mtu wa Pwani akikuzungusha kwa salamu namna hiyo ana zito kifuani. Nikamwambia, "Mrisho mwanangu, sema tu." Akasema, "Mama mtani, mama amepumzika. Tunazika kesho alasiri." Nikaweka ungo chini. Sikulia papo hapo. Kilichonijia kwanza kilikuwa hofu, tena hofu ile ile ya zamani, kana kwamba ilikuwa uvunguni miaka yote ikingoja jina la Mwanahawa litajwe pamoja na kifo. Maana mimi nimewahi kuyataja mawili hayo pamoja, kwa sauti ya juu, uani kwa mjomba wake, naye Mwanahawa yuko ndani, hai, ananisikia. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, na sijaogopa vile tena maishani.

Wakati ule Mwingereza alikuwa bado ametukalia, na habari za kujitawala zilisemwa kwa kunong'ona vibarazani. Nilikuwa nimejifunza ukunga kule Kisarawe, kilimani kwenye baridi, kisha nikapelekwa kwenye zahanati ndogo upande wa Ruvu. Habari za ukoo wangu niziache. Inatosha kujua kwamba mimi ni Mnyamwezi niliyekulia kwa Wazaramo, kwa sababu baba alikuwa mtu wa reli, na Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara. Vijana wa leo wanadhani utani ni kuchekana kwa sababu ya mpira. Utani wa wazee wetu ulikuwa na kazi. Mtani alikuja msibani wakati wengine wanalia, akavaa kofia ya marehemu, akaiga mwendo wake, akazuia jeneza lisitoke mpaka apewe chake, akadai hata kipande cha sanda, na hakuna aliyeruhusiwa kumkasirikia. Mimi haya mambo niliyajua kwa kuyaona tu. Kuyatenda sikuweza. Nilikuwa na haya ya kupita kiasi, na mwoga wa kweli kweli, si wa kusingiziwa. Niliogopa damu, niliogopa mkasi ukichemshwa, niliogopa kimya cha mtoto kabla hajalia.

Na nilimwogopa Sista. Alikuwa Mzungu mrefu, mwembamba, mwenye saa ndogo iliyoning'inia kifuani na Kiswahili safi cha kujifunza vitabuni. Sikuwahi kumsikia akidanganya, hata kwa wema. Mgonjwa akiuliza, "Nitapona?" alijibu kama alivyojua, ndiyo au hapana, kisha akapita kitanda cha pili. Hakuwa mkatili, aliona ni heshima kumpa mtu ukweli wake mkononi. Mkunga mkubwa wetu, Mama Salome, Mzaramo wa Maneromango na mwimbaji wa kanisani, alikuwa na njia nyingine. Wodi yetu ilikuwa chumba kimoja cha kuta za udongo zilizopakwa chokaa, na chini ya kila kitanda aliweka kigoda. "Nyamizi," aliniambia siku ya kwanza, "usimwulize mtu maumivu yake umemsimamia. Anayeuliza amesimama ni polisi." Basi tulikaa kwenye vigoda, chini kuliko mgonjwa. Tuliuliza njia ilikuwaje, nani amebaki na kuku, mhogo umeota au nguruwe wamemaliza. Mama Salome alisema ugonjwa ni mgeni mwenye haya, ukimkodolea macho hatoki nje. Nilidhani anapoteza muda. Lakini niliona kwa macho yangu wanawake waliomwambia Sista "sijambo" wakimwambia Mama Salome, dakika chache baadaye, kwamba wanavuja damu tangu juzi.

Nyuma ya wodi kulikuwa na banda la jiko, na hapo ndugu wa wagonjwa walipika. Ukuta ulikuwa mwembamba. Ukiwa unakunja mashuka unanusa kambale wa Ruvu akichemka kwenye tui, na unasikia kila neno. Walinisema na mimi. "Huyu Mnyamwezi mizigo ameitua wapi?" Mwingine anajibu, "Ameitua Ruvu, akaona gauni jeupe, akaona amekuwa Mzungu." Wanacheka, wananingoja nitokeze nijibu, maana utani usiojibiwa ni kama salamu isiyoitikiwa. Mimi naendelea kukunja shuka, masikio yanawaka. "Mtani gani huyu hana ulimi," walisema. Walinipa mhogo hata hivyo. Nikaula nikiwa nimeinamia sahani.

Mwanahawa alikuja kwetu akiwa na mimba ya kwanza, kubwa. Alikuwa wa rika langu, mcheshi, mwenye mwanya, na alitembea kwa mguu kutoka Kwala akifuatana na mama yake mdogo. Miguu ilikuwa imevimba mpaka kamba za kandambili zimemkata. Sista alimwuliza kama kichwa kinamwuma. Mwanahawa akasema sijambo. Nikavuta kigoda. Tukaongea habari za mumewe aliyekuwa kibarua kwenye mkonge Ngerengere, tukaongea habari za kanga aliyoahidiwa, akacheka, kisha akaniambia, akiwa bado anacheka, "Shoga, mimi siku hizi naona vimulimuli mchana." Tulikuwa tumefundishwa habari za vimulimuli hivyo. Nikaenda kumwita Mama Salome, Mama Salome akamwita Sista, Sista akamfunga mkono kwa kile kitambaa cha presha, akapima, akapima tena. Mkono wake ulishika ile saa ya kifuani na haukuiachia.

Kilikuwa kifafa cha mimba kinabisha hodi. Dawa yake kwetu haikuwepo. Ilibidi apelekwe Dar es Salaam, hospitali kubwa, wamzalishe upesi, hata kwa kisu. Kwa Wazaramo mwenye neno ni mjomba, hivyo mjomba akaitwa. Mzee Kondo alifika na watu wake, mzee mfupi, kanzu safi, bakora mkononi, mtu aliyezoea kusikilizwa. Sista akamkabili pale pale katikati ya vitanda, amesimama, na Mwanahawa amelala baina yao. Akasema kwa Kiswahili chake kisichokosa hata silabi, "Mzee, nakwambia kweli. Binti huyu asipokwenda Dar es Salaam leo, atakufa. Yeye na mtoto wake."

Mimi nilikuwa nimeshika beseni. Nilisikia nyuma ya ukuta mwiko ukiacha kukoroga. Mama mdogo wa Mwanahawa alijiziba mdomo. Mzee Kondo hakupandisha sauti. Alisema, "Umemtabiria mtoto wangu kifo mbele yake. Kwetu kifo hakiitwi." Akawaambia vijana wake wambebe. Mwanahawa alinitazama wakati wanamwinua, akitaka nimwambie neno, na mimi nikainamia beseni. Wakaondoka naye kwa kitanda cha kamba njia ya Kwala, na banda la jiko likaanza kuwa tupu, kwa sababu wengine nao waliwachukua wagonjwa wao.

Sista alikwenda akakaa stoo, kwenye sanduku la dawa. Nilimkuta pale, macho mekundu. "Nimesema kweli," alimwambia Mama Salome. "Ningesema uongo?" Mama Salome akakaa naye sandukuni, mmoja mnene, mmoja mwembamba, wakibanana, akamwambia polepole, "Sista, kweli yako ni kweli. Lakini umempa mzee mambo mawili tu: akubali kwamba umemroga mtoto wake, au aondoke. Akiitikia 'ndiyo' mbele ya watu, ameitikia kifo." Sista akauliza sasa nani anaweza kumwambia. Mama Salome akasema yeye hawezi, ni Mzaramo, ni dada kwao. Akilitaja neno hilo ni uchuro. Kisha wote wawili wakanitazama mimi.

Naandika haya nina miaka zaidi ya themanini na bado naogopa nikikumbuka. Mama Salome alinivua gauni jeupe kwa mikono yake. "Ukienda na hili utakuwa Sista," alisema, akanifunga kaniki. Tulikwenda na gari la Sista mpaka karibu na kijiji, likasimama mahali lisipoonekana, na hapo akanipa maagizo ambayo yalinitisha kuliko ugonjwa wenyewe. "Usipige hodi. Usiamkie. Ingia kama mtani anavyoingia msibani. Taja kifo, kitaje kwa jina lake, maana wewe pekee umepewa ruhusa. Lakini sikiliza, Nyamizi. Usione haya katikati. Sauti ikikutetemeka, utani umekufa, na yale uliyoyasema yatabaki kuwa laana. Watakupiga, na mimi sitaweza kuwazuia." Sista aliniuliza, "Utamwambia nini?" Nikakaza fundo la kaniki. Akasema, "Kweli yangu imegota. Nenda na ya kwako."

Nilitembea. Mhogo kulia, mhogo kushoto, njia ya mchanga, jua la utosini. Nilimwomba Mungu nijikwae nivunjike mguu nisifike. Nilifika. Uani kwa Mzee Kondo watu walikuwa wamekaa kimya mikekani, mganga wao amekwisha kuja na kuchoma ubani, na ndani nilimsikia Mwanahawa akiguna kwa maumivu ya kichwa. Mzee mwenyewe alikuwa ameinuka kunawa mikono, kiti chake kitupu. Nikaingia bila hodi, nikapita katikati ya mikeka na viatu vyangu, nikakaa kwenye kiti cha Mzee Kondo, nikakunja nne.

"Haya Wazaramo," nikasema. "Msiba gani huu hauna kilio? Nimetoka Ruvu na njaa yangu, nimeambiwa kuna matanga. Wali uko wapi?"

Niliona kijana mmoja akishika mpini wa jembe. Nikamnyoshea kidole kabla hofu haijanifika mdomoni. "Wewe wa jembe, vizuri, umejiandaa. Lakini kuchimba ni kazi yangu, nyinyi hamwezi kazi, mnajua ngoma tu. Chimba futi mbili uone kama hujakaa kivulini."

Mwanamke mmoja aliguna, si kicheko bado. Mzee Kondo alikuwa amesimama na kata ya maji mkononi, maji yanamwagika miguuni. "Nani amekwambia hapa kuna msiba?" aliuliza.

"Wewe," nikasema. Niliisikia sauti yangu kama ya mtu mwingine. "Si wewe uliyemtoa hospitali? Nikajua huyu mzee mvivu, anataka mtoto afie hapa, karibu na makaburi, asipate tabu ya kubeba. Mimi sina neno. Nipe sanda yangu tu. Nikate mapema, kitambaa kizuri kisije kikaisha. Na kanga aliyoahidiwa na mumewe, hiyo nayo yangu. Na mtoto aliye tumboni, naye mnamzika kwa sanda moja au mbili? Niambie nijue nadai ngapi."

Hilo la mtoto sikuwa nimelipanga. Lilitoka tu, na lilipotoka nilijua nimefika ukingoni. Kama sauti ingetetemeka, ingetetemeka pale. Nikang'ata ulimi kwa ndani mpaka nikaonja damu, nikamtazama mzee usoni, jambo ambalo msichana hafanyi, mtani hufanya. Mzee Kondo akanitazama. Midomo ilianza kumcheza. Nikadhani atanilaani. Akacheka. Kilikuwa kicheko kibaya, kikavu, na machozi yalimshuka nacho moja kwa moja mpaka ndevuni, na watu wake walipoona mzee amecheka wakacheka nao, na wanawake wakaanza kulia kwa kuwa sasa ilikuwa ruhusa.

"Mnyamwezi mlafi wewe," alisema, akijifuta kwa mkono wa kanzu. "Sanda utaipata. Lakini si leo. Leo hatukupi." Akawageukia vijana. "Leteni kitanda. Tumnyime huyu mlafi chakula chake. Mpelekeni mtoto kwenye gari la Mzungu, najua haliko mbali."

Watu wakiisimulia hadithi hii Kwala huishia hapo, kwa kicheko. Mimi hofu yangu ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Nilikuwa nimesema maneno yote yale, na Mwanahawa alikuwa ameyasikia. Tulipopita Kongowe, gari likiruka mashimo, nimempakata kichwa, macho yake yaligeuka akaanza kukakamaa. Mama Salome akamtia kijiko kilichofungwa kitambaa baina ya meno, Sista akaendesha bila kugeuka nyuma, na Mzee Kondo, aliyekaa kwenye ubao mbele yangu, akanitazama mara moja tu. Sikuona chuki. Niliona mtu anayeuliza kama tulikuwa tunatania au la. Nikamshika Mwanahawa na kusema moyoni, si leo, amesema si leo, si leo, mpaka nyumba za mjini zikaonekana.

Wakampokea, wakaingia naye mlango wenye mapazia, wakatuacha barazani. Pale tulikaa mimi na Mzee Kondo kwenye benchi moja, saa nyingi. Kila muuguzi aliyepita nilimtazama viatu, nikiogopa kutazama uso. Mzee alikuwa na mhogo wa kuchemsha kwenye kitambaa. Aliumega, akanipa kipande kikubwa. "Mnyamwezi, kula. Ndicho ulichokijia," alisema. Nilikula, na nilipokuwa natafuna akaanza kusema akitazama sakafu. "Yule Mzungu nilimsikia. Usidhani sikusikia. Tangu pale kitandani nilijua anasema kweli, mtoto nilikuwa namwona mwenyewe. Lakini ningeitikia vipi? Mbele ya watu, mbele ya mtoto. Usiku kucha ningekaa natafuta mlango wa kutokea, na kesho ningemzika." Akakikunja kile kitambaa cha mhogo. "Umenifungulia kwa teke, lakini umefungua." Nimefanya kazi ya ukunga mpaka nikastaafu, nimewafundisha wasichana wengi, na kila nilipowaona wanamwambia mtu ukweli na kumwacha amesimama nao bila pa kuuweka, nilikumbuka ule mhogo.

Mtoto walimtoa kwa kisu, mdogo kama sungura, akalia. Ndiye Mrisho. Mama yake hakuamka siku hiyo wala siku iliyofuata, na siku hizo mbili sikuweza kula kingine wala kulala. Alipofumbua macho nilikuwa kwenye kigoda pembeni yake. Alinitazama muda mrefu, akalamba midomo iliyopasuka. "Kanga yangu," alisema kwa sauti ya chini kabisa, "hupati ng'o." Hapo ndipo nililia, nikalia mpaka wakanitoa nje.

Basi jana nimekwenda Kwala. Mjukuu wangu alinipeleka. Barabara sasa ni ya malori makubwa, na pale palipokuwa na mhogo wa Mzee Kondo pana ukuta wa matofali. Uani walikuwa wamejaa watu, vijana wengi na simu zao. Jeneza lilipotolewa mlangoni, wazee wachache waliobaki wakageuka kunitazama, wakanipisha. Nilijua wanangoja nini. Mtani wa nyumba hii ni mimi, na zamu yangu ndiyo ile. Nikajikongoja mpaka mbele ya jeneza, nikainua fimbo kulizuia, nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Miaka yote ile, na woga ulikuwa umekuja kunichukua pale pale uani uliponikosa. Niliogopa kusema neno, kwa sababu safari hii hakukuwa na wa kuokolewa.

Mrisho alitoka kati ya wabebaji, mzee naye sasa, ndevu nyeupe, mjomba wa watu. Alikuwa na kipande cha bafta kimekunjwa mkononi, kipya, cheupe, kimekatwa kwenye sanda ile ile aliyovishwa mama yake. Akapiga magoti mbele yangu kwa taabu.

"Mama mtani," alisema, "babu Kondo aliacha neno, na mama akaniusia nisilisahau. Uliidai sanda hapa, ukaambiwa si leo." Akaniwekea kitambaa kwenye viganja. "Leo ndiyo leo."

Nikakishika. Kilikuwa chepesi mno. Nikamtazama Mrisho, nikawatazama watu wote wale waliotoka tumboni mwa yule msichana mwenye mwanya, wana, wajukuu, vitukuu wamejaa mpaka barabarani, nikapata neno langu.

"Wazaramo nyinyi," nikasema, "mnachelewesha deni." Sauti ilitetemeka waziwazi, kila mtu akaisikia, na haikumdhuru mtu.